Mwili Mbele ya Jedwali: Historia ya Mtihani wa Utimamu wa Mwili katika Vyuo vya Elimu ya Viungo vya Korea Kusini

Kila mwezi wa Januari, baridi ya Korea Kusini inapokuwa kali kuliko wakati wowote wa mwaka, maelfu ya vijana wanaotaka kusomea elimu ya viungo, yaani taaluma inayoshughulika na mafunzo ya mwili, michezo na ufundishaji wake, hukusanyika katika kumbi za vyuo vikuu ili kuruka, kuvuta, kurusha na kukimbia mbele ya watahini. Matokeo ya juhudi hizo, ambazo nyingi hazizidi sekunde chache, hujumlishwa na alama za mtihani wa taifa wa karatasi, na jumla hiyo ndiyo inayoamua nani atapata nafasi na nani atasubiri mwaka mwingine. Wakorea huuita mtihani huo silgi, jina linalohusu mitihani yote ya vitendo, iwe ya muziki, ya uchoraji au ya michezo, na maandalizi yake yamekwisha kuwa shughuli kamili yenye wakufunzi wake, kumbi zake, msimu wake na biashara yake. Hata hivyo, historia ya maandalizi hayo haiwezi kueleweka kwa kuvitazama vyuo peke yake, kwa sababu vyuo havikuubuni mtihani huo. Vipimo vyake vilitoka katika karakana na kumbi za mazoezi za Ufaransa na Marekani, desturi ya kuvipanga katika madaraja ilitoka kwa mtawala wa Kijapani aliyekuwa akitafuta askari, uzito wake katika maisha ya mwanafunzi ulitokana na serikali ya kijeshi ya miaka ya 1960 na 1970, na sura yake ya leo imefinyangwa na soko la tuisheni. Kila mrithi alivichukua vipimo vilevile akavitumia kujibu swali lake mwenyewe, na mrithi wa mwisho, ambaye ni soko, hakuwa na swali lolote kuhusu mwili isipokuwa namna ya kuuzoesha kupata alama.

Kipimo chenye umri mkubwa zaidi katika orodha ya vyuo vya Korea ni kile cha nguvu za mgongo. Mtahiniwa husimama juu ya bamba la chuma, akashika mpini uliounganishwa na bamba hilo kwa mnyororo, kisha akajivuta kuelekea juu huku miguu imenyooka, na mshale au skrini ya chombo ikaonyesha kilo alizozivuta. Chombo hicho huitwa dainamomita, na asili yake ni springi ya chuma iliyobuniwa na fundi Mfaransa Edme Régnier, ambaye alitangaza uvumbuzi wake mwaka 1798. Miaka miwili baadaye msafara wa Nicolas Baudin uliondoka Ufaransa kuelekea Australia, na mwanazuoni kijana aliyekuwamo, François Péron, alikibeba chombo hicho akawapima wenyeji wa Tasmania, wa Australia bara na wa Timor, kisha akalinganisha tarakimu zao na za Wafaransa na Waingereza ili kutoa hukumu kuhusu ustaarabu na udhaifu wa binadamu. Hukumu hiyo ilikuwa ya ovyo, kwani watu waliopimwa walikuwa wachache, hawakuwahi kukiona chombo hicho, wala hawakuwa na sababu yoyote ya kukivuta kwa nguvu zao zote mbele ya wageni. Lakini inafaa kukumbukwa, kwa sababu inaonyesha kwamba dainamomita, karibu tangu ilipotoka mikononi mwa fundi wake, ilitumiwa kuwapanga watu kwa daraja, jambo ambalo bado inalifanya.

Kipimo cha pili chenye nasaba inayojulikana ni mruko wa wima, ambao vyuo vya Korea huuita kwa jina la Mmarekani Dudley Allen Sargent. Sargent, aliyezaliwa mwaka 1849 katika jimbo la Maine, alisimamia ukumbi wa mazoezi wa Hemenway katika Chuo Kikuu cha Harvard tangu ulipofunguliwa, akawapima wanafunzi urefu, vifua, mapaja na mikono kwa miongo kadhaa, na mwaka 1921 akachapisha makala iliyopendekeza kwamba uwezo wa mtu uweze kukadiriwa kwa tofauti kati ya kimo anachokifikia kwa mkono akiwa amesimama na kimo anachokifikia akiruka. Sargent huyohuyo alikuwa ameanzisha, mwaka 1881, shule ya kuwafundisha wanawake ualimu wa mazoezi ya viungo, hivyo kwamba mtu aliyeupa mtihani wa leo mojawapo ya vipimo vyake alikuwa pia mmoja wa waasisi wa vyuo ambavyo mtihani huo unavilinda milango. Kipimo cha kunyumbuka, ambapo mtahiniwa huketi chini na miguu iliyonyooka akasukuma vidole vyake mbele kadiri awezavyo, kilielezwa kitaalamu na Katharine Wells na Evelyn Dillon mwaka 1952, pia Marekani.

Kuruka chini bila kuanza kwa mbio, ambako huenda ndiko kunakowashughulisha zaidi vijana wa Korea, kuna historia ya ajabu kidogo. Mruko huo ulikuwa mchezo kamili wa Olimpiki kuanzia mwaka 1900 hadi 1912, na bingwa wake mkuu, Mmarekani Ray Ewry, aliyekuwa ameugua polio utotoni hata akatumia kiti cha magurudumu, aliruka mita 3.47 katika mji wa St. Louis mwaka 1904. Baada ya 1912 mchezo huo ulifutwa, wala hakuna bingwa wa dunia anayeutafuta leo. Uliendelea kuishi katika mitihani, ambako sifa zake ni za kiutawala zaidi kuliko za kimichezo: unahitaji nafasi ndogo, unafanyika ndani ya jengo wakati wa baridi, unachukua muda mfupi, na jibu lake hupatikana kwa sentimita.

Vipimo hivi vilihitaji mpango wa kuviunganisha, na kwa upande wa Asia ya Mashariki mpango huo ulitoka Japani. Mwaka 1938, vita vya China vikiwa vimekwisha kuanza, serikali ya Japani iliunda Wizara ya Afya na Ustawi, na mwaka uliofuata wizara hiyo ikaanzisha mtihani wa nishani ya nguvu za mwili kwa wanaume wenye umri wa miaka 15 hadi 25. Mtihani huo ulikuwa na mbio za mita 100, mbio za mita 2,000, kuruka chini, kurusha bomu la mkono la mfano, kubeba mzigo mzito kwa kasi, na kujivuta kwenye chuma, yaani kuning'inia kwa mikono kwenye bomba la mlalo na kujiinua hadi kidevu kilipite. Aliyefaulu alipata nishani ya daraja la chini, la kati au la juu, na mtu hakuhitaji kuwa mtaalamu wa historia ili kutambua kwamba orodha hiyo ilimwelezea askari wa miguu: anayekimbia, anayeruka handaki, anayerusha bomu, anayebeba magunia ya risasi na kujivuta juu ya ukuta.

Korea ilikuwa koloni la Japani tangu 1910, na mtihani huo uliingia huko pamoja na mengine yote ya wakati wa vita. Wakorea tayari walikuwa wameonja utata wa mwili unaopimwa na mtawala, kwa kuwa mwaka 1936 Sohn Kee-chung alishinda marathoni ya Olimpiki ya Berlin akiwa amevaa bendera ya Japani kifuani, na gazeti la Dong-A Ilbo lilipoifuta bendera hiyo katika picha yake likasimamishwa. Machi 1942 vijana wa Kikorea wa miaka 18 na 19 waliitwa kupimwa afya na nguvu za miili yao. Mei mwaka huohuo Tokyo ikatangaza kwamba Wakorea wataandikishwa jeshini kwa lazima, na uandikishaji ukaanza mwaka 1944. Kwa kizazi hicho kupimwa mwili na kuitwa vitani vilikuwa jambo moja.

Baada ya ukombozi wa mwaka 1945 mtu angetarajia kwamba urithi huo ungetupwa, na kwa muda mfupi ilionekana hivyo. Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ewha kilifungua idara ya elimu ya viungo mwaka 1945, Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kikafuata mwaka 1946 ndani ya kitivo chake cha ualimu, na lengo lao lilikuwa kuwapatia walimu shule za nchi mpya. Lakini vita vya 1950 hadi 1953 viliibomoa nchi, na baada ya hapo kiu ya elimu ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata watoto wa shule ya msingi walishindania nafasi za sekondari bora kwa mtihani mkali, ambao ndani yake mlikuwa na sehemu ya nguvu za mwili: kukimbia, kuruka, kurusha mpira na kujivuta kwenye chuma. Ukali wa ushindani huo ulidhihirika mwezi Desemba 1964 jijini Seoul, pale swali moja la sayansi kuhusu kiungo kinachoweza kutumika badala ya kimea katika kupika peremende ya kienyeji lilipozusha ghasia, na akina mama walioamini kwamba watoto wao walinyimwa alama isivyo haki wakapika peremende hiyo kwa maji ya figili na kuipeleka kwa wakubwa wa elimu kama ushahidi. Katika hali ya namna hiyo hakuna kipimo kilichoweza kubaki kitu kidogo, na mtoto wa miaka 12 aliyening'inia kwenye chuma cha uani kila jioni alikuwa, kwa hakika, mtangulizi wa kijana wa leo anayejiandaa kwa silgi. Serikali ilitangaza mwezi Julai 1968 kwamba mtihani huo wa kuingia sekondari ya chini utafutwa, na Seoul ikaanza kuutekeleza uamuzi huo mwaka 1969.

Kufutwa huko hakukuwa mwisho wa kupima miili ya wanafunzi. Serikali iliyoingia madarakani kwa mapinduzi ya Mei 1961, chini ya Jenerali Park Chung-hee, iliuona mwili wa raia kuwa sehemu ya mali ya taifa, ikapitisha sheria ya kuendeleza michezo mwaka 1962, ikafungua kijiji cha mazoezi cha Taereung kwa ajili ya wachezaji wa taifa mwaka 1966, na kueneza kaulimbiu iliyosema kuwa nguvu za mwili ndizo nguvu za taifa. Januari 1968 makomando wa Korea Kaskazini walivamia Seoul wakikusudia kuifikia ikulu na kumuua rais, na katika miezi iliyofuata serikali iliunda jeshi la akiba la raia na kuingiza mafunzo ya kijeshi katika shule za sekondari. Ni katika mazingira hayo ambapo, mwaka 1971, ulianzishwa mpango wa kitaifa wa kupima nguvu za wanafunzi ulioitwa Chelyeokjang, jina ambalo kwa maandishi ya Kichina ni lilelile la nishani ya Kijapani ya mwaka 1939. Na muda si muda alama zake zikaanza kuhesabiwa katika kuingia sekondari ya juu na chuo kikuu.

Mpango huo unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kiungo kingine chochote cha historia hii, kwa sababu uliigusa karibu kila familia. Mwanafunzi alikimbia mita 100, akaruka chini, akarusha, akafanya zoezi la kuinua kiwiliwili kutoka kulala chali, akakimbia kwenda na kurudi kati ya mistari miwili, akainama mbele, na mwishoni akakimbia mbio ndefu, ambazo zilikuwa mita 1,000 kwa wavulana na mita 800 kwa wasichana. Mvulana alijivuta kwenye chuma, ilhali msichana alipimwa kwa muda anaoweza kuning'inia bila kidevu kushuka. Katika miaka ya mwanzo kilichorushwa kilikuwa bomu la mkono la mfano, na watu waliosoma sekondari katika miaka ya 1970 bado wanalikumbuka kama kifaa cha kawaida cha somo la mazoezi. Katika mtihani wa kuingia chuo kikuu wa miaka ya 1980, ambao jumla yake ilikuwa alama 340, alama 20 zilitengwa kwa Chelyeokjang, na katika mtihani wa kuingia sekondari ya juu alama 20 kati ya 200 zilitolewa kwa njia hiyohiyo.

Alama 20 zaweza kuonekana kuwa nyingi, ila utekelezaji wake ulizipunguza thamani. Aliyefika uwanjani tu alipata sehemu kubwa ya alama hizo, na kadiri miaka ilivyopita watahiniwa walio wengi walipata alama zote au karibu zote, hivyo mtihani uliokusudiwa kuwatofautisha vijana ukawa desturi ya kila mwaka iliyowatofautisha kwa shida, huku ukiwabana wagonjwa na dhaifu ambao ndio pekee waliopoteza kitu. Hapa ndipo inapoonekana tofauti kati ya kipimo kinachowahusu wote na kipimo cha kuchagua wachache: cha kwanza hakiwezi kuwa kikali bila kuwa dhuluma, na cha pili kisipokuwa kikali hakina kazi. Chelyeokjang ilijaribu kuwa vyote viwili kwa miaka zaidi ya 20, na haikufanikiwa kuwa hata kimoja.

Wakati huohuo dola ilikuwa imefungua njia nyingine iliyo tofauti kabisa. Mwaka 1976 mwanamieleka Yang Jung-mo aliiletea Korea Kusini medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, huko Montreal, na mwishoni mwa mwaka huohuo serikali iliamua kuanzisha chuo kikuu cha taifa cha michezo, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1977. Mwanariadha mwenye medali hakuhitaji kuonyesha nguvu za mgongo wake kwa dainamomita. Aliingia chuoni kwa matokeo ya mashindano, na tangu mwaka 1973 aliyefanya vizuri sana kimataifa aliweza pia kupunguziwa utumishi wa jeshi. Kwa hiyo silgi, tofauti na watu wengi wa nje wanavyodhani, kwa sehemu kubwa haikuwa mtihani wa wanamichezo. Ilikuwa, na bado ni, mtihani wa wanafunzi wa kawaida, ambao wengi wao hawajawahi kusajiliwa katika timu yoyote, wanaotaka kuwa walimu, makocha wa watoto, wasimamizi wa kumbi za mazoezi au maofisa wa michezo.

Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 1993, mtihani mpya wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, unaojulikana kama Suneung, ulipofanyika kwa mara ya kwanza, na Chelyeokjang ikaondolewa katika hesabu ya wanaoingia chuoni kuanzia mwaka wa masomo wa 1994. Kwa wanafunzi wa sheria au uhandisi jambo hilo lilikuwa nafuu tu. Kwa idara za elimu ya viungo lilimaanisha kwamba sasa kipimo cha mwili kilibaki mikononi mwao peke yao, kila idara ikiwa huru kuchagua vipimo vyake na kuamua kila sentimita ina thamani gani. Idara hizo zingeweza kuupa uzito ustadi wa michezo, kama vile sarakasi za jimnastiki, kudunda na kufunga mpira wa kikapu au kupiga danadana, na baadhi zinafanya hivyo mpaka leo. Nyingi, hata hivyo, ziliegemea vipimo vya tarakimu: kuruka bila mbio, nguvu za mgongo, kuinama mbele, kurusha mpira mzito wa mazoezi kutoka juu ya kichwa, kukimbia kwa kupinda kati ya koni, na kuhama upande kwa upande juu ya mistari mitatu kwa sekunde 20, zoezi ambalo Japani ilikuwa imelitia katika mtihani wake mpya wa michezo mwaka 1964.

Sababu ya uchaguzi huo haikuwa ya kitaalamu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kashfa za hongo katika mitihani ya vitendo ya muziki ziliitikisa Korea, ikabainika kwamba sikio la mtahini linaweza kununuliwa, na tangu hapo mtihani wowote uliotegemea jicho au sikio la mtu ulitazamwa kwa shaka. Mkeka wenye vihisi vya umeme, unaosoma mahali kisigino kilipotua na kuitangaza tarakimu hadharani, haumjui mtoto wa tajiri wala wa maskini. Hoja hiyo ina nguvu, na mwandishi yeyote anayeulaumu mtihani huu anapaswa kuijibu kwanza; ila ina gharama yake, kwani tarakimu isiyonunulika kwa hongo bado inaweza kununuliwa kwa njia halali, ambayo ni mazoezi ya kulipia.

Soko la mazoezi hayo lilikuwa na kizuizi chake cha kisheria. Julai 1980 serikali ya kijeshi ya Chun Doo-hwan ilipiga marufuku tuisheni binafsi, ikidai kwamba inawapa wenye fedha nafasi wasiyostahili. Marufuku hayo yalilegezwa hatua kwa hatua kuanzia mwishoni mwa muongo huo, na mwezi Aprili 2000 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kifungu kilichoyabeba kinakiuka katiba. Vituo vya tuisheni, ambavyo Wakorea huviita hagwon, vilikuwa vimekwisha kurudi kwa wingi, na miongoni mwake vikachipuka vile vya maandalizi ya vyuo vya elimu ya viungo, vikiwa mara nyingi katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo la biashara au katika ghala la zamani, na ndani yake mikeka ya kurukia, dainamomita, mipira mizito, koni na saa za kupimia muda.

Kazi ya kituo cha namna hiyo huanza kwa kusoma, si kwa kukimbia. Kila chuo hutangaza jedwali la alama, yaani orodha inayobadilisha sentimita, kilo na sekunde kuwa pointi, moja kwa wavulana na nyingine kwa wasichana, na kwa kuwa majedwali hayatofautiani kwa vipimo tu bali hata kwa ukali wa kila hatua, mkufunzi hodari ni yule anayeweza kumweleza mwanafunzi ni chuo kipi kinachoupenda mwili wake. Udahili mkuu hugawanywa katika makundi matatu ya tarehe, na mtahiniwa huruhusiwa kuomba chuo kimoja katika kila kundi. Hivyo mvulana mwenye mgongo imara na mapaja mazito ataelekezwa kwenye chuo chenye dainamomita, wakati msichana mwepesi anayenyumbuka ataelekezwa kwenye chuo kinachothamini kuinama na kukimbia kati ya koni. Hesabu hiyo huhusisha pia alama za Suneung, kwani upungufu wa karatasi unaweza kufidiwa kwa mruko, na kinyume chake, mpaka kiwango fulani.

Kalenda ya mwaka nayo hufuata mtihani. Kabla ya Suneung, ambao hufanyika katikati ya Novemba, vijana hufanya mazoezi siku chache kwa wiki baada ya masomo, wakijenga misuli ya miguu na mgongo kwa kuchuchumaa na vyuma, kuruka viunzi na kukimbia. Mara karatasi ya mwisho inapokusanywa, kituo hugeuka kuwa kambi: mazoezi huwa ya kila siku, asubuhi na alasiri, na kila juma hufanyika jaribio kamili linaloiga utaratibu wa chuo husika, likiwa na watahini, namba vifuani na hata ukimya unaotawala ukumbini. Ndani ya majuma hayo manane au zaidi kidogo nguvu haziongezeki sana, na wakufunzi wanalijua hilo. Kinachoongezeka ni mbinu. Katika kuruka, kijana hujifunza kuyumbisha mikono kwa wakati mmoja na kunyooka kwa magoti, kuondoka kwa pembe inayofaa, kuvuta magoti mbele akiwa hewani na kutua kwa visigino bila kuanguka nyuma, kwa kuwa urefu hupimwa kutoka alama iliyo karibu zaidi na mstari, na kiganja kilichogusa chini nyuma ya mwili huufuta mruko mzuri. Katika dainamomita hujifunza urefu wa mnyororo unaomfaa na namna ya kuvuta bila kukunja magoti wala kujitupa nyuma. Katika mpira mzito hujifunza kuupinda mgongo kama upinde bila nyayo kuvuka mstari.

Ni katika jedwali hilo ambapo tofauti kati ya mtihani na michezo hujitokeza wazi kuliko popote. Michezo haina kikomo: anayeruka zaidi hushinda, na rekodi hungoja kuvunjwa. Jedwali lina kikomo, kwani kila kipimo kina alama ya juu kabisa, ambayo kwa kuruka bila mbio huwa karibu na mita 3 kwa wavulana katika vyuo vyenye ushindani mkubwa, na anayezidisha sentimita 20 juu ya hapo hapati chochote cha ziada. Kijana mwenye akili, basi, hafanyi mazoezi ili awe mrukaji bora. Hufanya mazoezi mpaka afike kwenye kikomo, kisha huhamisha nguvu zake kwenye kipimo kinachomwangusha. Mwili unaotokana na utaratibu huo ni mwili wa wastani uliosawazishwa kwa kalamu ya mhasibu, na ingawa si mwili mbaya, ni vigumu kusema ni wa mchezo gani. Kujivuta kwa miaka ya 1940 kulimwandaa mtu kupanda ukuta wa adui, jambo la kusikitisha lakini lenye maana. Kuhama upande kwa upande juu ya mistari mitatu kwa sekunde 20 leo hakumwandai mtu kwa lolote isipokuwa kwa kuhama upande kwa upande juu ya mistari mitatu.

Wapo wanaoutetea utaratibu huu kwa hoja kwamba nidhamu inayohitajika ni funzo tosha kwa mwalimu mtarajiwa, na kwamba aliyewahi kuupigania mwili wake kwa sentimita atamwelewa mwanafunzi anayehangaika. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ingawa inasahau kwamba mtihani huwaacha nje wale ambao miili yao haikujaliwa kasi, na ambao pengine wangekuwa walimu wenye subira zaidi kwa watoto wa aina yao. Ray Ewry mwenyewe, kama angepimwa akiwa na umri wa miaka 10, asingepata alama hata moja.

Katika shule za kawaida, kwa upande mwingine, mkondo umebadilika. Kuanzia mwaka 2009 shule za Korea Kusini zilianza kuacha mtindo wa Chelyeokjang na kuingia katika mfumo mpya wa kupima siha, ambao huangalia ustahimilivu wa moyo na mapafu, kunyumbuka, nguvu, wepesi na uwiano wa uzito kwa kimo, na ambao lengo lake ni kumshauri mwanafunzi kuhusu afya yake wala si kumpanga katika daraja la kuingilia popote. Idadi ya vijana wanaofanya Suneung nayo imepungua sana kadiri uzazi ulivyoshuka, na baadhi ya idara, ambazo nyingi sasa hujiita idara za sayansi ya michezo, zimefungua nafasi za kuingia kwa rekodi za sekondari na usaili bila mtahiniwa kuruka wala kuvuta chochote. Vituo vya maandalizi vimeuona mwelekeo huo mapema, na katika ratiba zake, kando ya saa za mkeka na za dainamomita, sasa kuna saa za kujifunza namna ya kuketi, kuzungumza na kujibu maswali mbele ya jopo la wahadhiri.